Roma na mtoto mdogo: tunaogopa baridi, tunalidharau joto

(1)
Leo tunaendelea na mfululizo wetu wa kusafiri na watoto, na zamu hii ni ya Roma. Wengi wenu mnakuja huku kwa sababu zinazojulikana. Mwingine anakuja hija na parokia yake. Mwingine mdogo wake anapewa upadri. Mwingine anaishi Ujerumani au Uingereza, watoto wameisoma Colosseum shuleni na sasa hawampi mama yao amani. Na karibu ujumbe wote ninaoupata una swali lile lile: "Nesi, mtoto ana miezi minane, ataiweza baridi kweli? Ndiyo maana tumeamua kuja Julai, kuna joto."

Basi leo naweka msimamo wangu mezani, na mwenye kubisha abishe. Kwa mtoto mdogo, Roma ya Julai na Agosti ni ngumu kuliko Roma ya Januari. Sisi tumelelewa kuogopa baridi na kulidharau joto. Kwa mji huu, woga wetu umekaa mahali pasipo pake.

Msiende, someni mpaka mwisho, kisha mtanihukumu.

(2)
Tuanze na mji wenyewe. Kwetu jua linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima karibu ni hivyo hivyo. Huku sivyo. Mwishoni mwa Juni jua la Roma linachomoza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri, na halizami mpaka karibu saa tatu usiku. Hizo ni saa 15 za jua. Desemba mambo yanageuka: linachomoza saa moja na nusu asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama. Saa 9 tu.

Joto nalo lina hesabu yake. Januari mchana ni kama nyuzi 12, usiku linashuka hadi 3 au 4, na theluji katikati ya mji ni jambo la nadra mpaka watu wanatoka nje kupiga picha. Julai na Agosti wastani wa mchana ni kama nyuzi 31 au 32. Lakini huo ni wastani tu. Yanapokuja mawimbi ya joto, kipimo kinaruka. Julai 2023 joto la Roma lilipita nyuzi 40.

Najua mama wa Dar au wa Mombasa hapo anatabasamu. "Thelathini na mbili? Hilo nalo ni joto? Mimi nimezaa Februari Kariakoo!" Mwenzangu, subiri kidogo.

(3)
Ni kweli tumezoea joto. Lakini hebu jiulize, huko nyumbani saa saba mchana mtoto wako wa miezi minane anakuwa wapi? Amelala. Yuko kivulini, mlango wazi, upepo wa bahari unapita, amevaa kaptura ya ndani peke yake, na bibi yake anampepea. Hakuna mama wa pwani anayembeba kichanga saa saba akatembea naye kilomita nane juu ya mawe. Kulizoea joto kwetu si ngozi peke yake. Ni maarifa ya kulikwepa. Tumezoea joto kwa sababu tunajua kujificha.

Sasa angalia mtalii wa Roma anafanya nini. Tiketi ya Colosseum ni ya saa tano. Foleni ipo juani. Ukitoka hapo unaingia magofu ya Foro, eneo kubwa lenye miti michache na mawe meupe yanayorudisha jua usoni. Kisha mnakwenda chemchemi ya Trevi kwa miguu, kwa sababu kila mtu amesema "ni karibu". Mitaa ya zamani imetandikwa vijiwe vyeusi wanavyoviita sampietrini, na vijiwe hivyo vinakunywa joto kutwa. Kuta nazo zinakunywa. Usiku ukiingia vyote vinalitapika lile joto, na chumba mlichopanga ghorofa ya nne kinabaki kama tanuri la mkate.

Na mwili wa mtoto si mwili wako. Ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo joto la nje linamwingia upesi. Uwezo wake wa kujipoza kwa jasho bado mdogo. Akisikia kiu hawezi kusema wala kwenda kuchota. Na aliyebebwa mgongoni anapata joto la pande mbili, la jua na la mgongo wa mama.

Wala si watoto tu. Wengi wenu mnakuja na bibi, kwa sababu bibi ndiye mwenye hija yake. Kiangazi cha 2003 joto liliua watu zaidi ya 70,000 katika nchi za Ulaya, na wengi walikuwa wazee. Hawa ni watu waliozaliwa huku huku na kukulia huku. Kwa hiyo familia inayosafiri na kichanga na bibi imebeba pande mbili ambazo joto huziwahi kwanza.

(4)
Ajabu ni kwamba hata Warumi wa kale hawakujifanya mashujaa wa jua. Colosseum ilipofunguliwa mwaka 80, juu yake walikuwa wanatandaza maturubai makubwa kuwafunika watazamaji, na mabaharia ndio waliofanya kazi ya kuvuta zile kamba. Leo maturubai hayapo. Mgeni anasimama pale saa saba na kofia ya karatasi mkononi.

Na hapa ndipo kihistoria panaponoga, mama zangu. Kwa karne nyingi wageni wa Kizungu walikuwa wanaikimbia Roma wakati wa kiangazi. Walikuja vuli, wakakaa baridi yote, wakaisubiri Pasaka, kisha wakaondoka kabla joto halijashika. Walikuwa wanaogopa homa. Homa hiyo waliiita kwa maneno mawili ya Kiitaliano, mala aria, hewa mbaya, kwa sababu waliamini inatoka kwenye mvuke wa mabwawa. Ndiyo hiyo hiyo malaria yetu. Jina tunalolitamka kila wiki kliniki lilitoka Italia.

Mwaka 1898, Giovanni Battista Grassi na wenzake wakifanya kazi hapa Roma walionyesha kwamba mbu aina ya Anofelesi ndiye anayempa binadamu malaria. Mwaka mmoja kabla, Ronald Ross alikuwa amekiona kimelea ndani ya mbu huko India. Mabwawa makubwa ya kusini mwa mji yalikaushwa miaka ya 1930, na mwaka 1970 Italia ikatangazwa kuwa haina malaria. Kwa hiyo tusiambiwe malaria ni ugonjwa wa Afrika. Ilikaa hapa, ikaua hapa, na ikaondolewa kwa kazi na pesa. Mwenye kufikiri afikiri.

Kuna jambo la pili katika historia hiyo. John Keats, mshairi wa Kiingereza, aliletwa Roma Novemba 1820 akiwa na kifua kikuu. Madaktari walisema baridi ya Italia ni nyepesi, itamponya. Walimpunguzia chakula na kumtoa damu. Alifariki Februari 1821, ana miaka 25, katika nyumba iliyo kando ya zile Ngazi za Kihispania ambazo leo wote tunapigia picha. Hali ya hewa nzuri haikumsaidia kitu, kwa sababu kifua kikuu ni bakteria, si upepo. Shikilia hilo, tutalihitaji tukifika kwenye baridi.

(5)
Sasa kama huna namna, viza imetoka ya Julai na tiketi imeshalipwa, sitakuambia uitupe. Nitakuambia uishi kama mtu wa pwani, siyo kama mtalii.

Toka mapema. Saa moja asubuhi Roma ni tamu, mji umetulia, na hata Trevi unaweza kusogea mpaka kwenye maji bila kusukumwa. Saa tano uwe umerudi ndani. Lala na mtoto. Toka tena saa kumi na mbili jioni. Mwanga upo mpaka saa tatu, hutakosa kitu.

Maji usinunue kila kona. Mji una mabomba ya chuma ya mtaani yapatayo 2,500, yalianza kuwekwa mwaka 1874, na wenyeji wanayaita nasoni, yaani mapua, kwa ajili ya ule mdomo uliopinda. Maji yake ni safi, ya kunywa, baridi, na ni bure. Ukiziba ule mdomo kwa kidole, maji yanaruka juu kwenye kitundu kidogo na mtoto anakunywa kama chemchemi. Watoto wataikumbuka hiyo kuliko mapapa wote.

Kichanga ambaye hajatimiza miezi sita habadilishiwi utaratibu: maziwa ya mama tu, hata kwenye joto kali. Usimpe maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na maji unywe wewe. Aliyezidi miezi sita mpe maji kidogo kidogo kila mara.

Kigari cha mtoto usikifunike kwa kanga wala shuka. Najua unamkinga na jua, lakini hewa haizunguki na ndani panageuka jiko. Tumia mwavuli. Kwa kweli kwenye vijiwe vile kigari kinateseka na mtoto anatikisika; asubuhi mbeleko ni bora, mchana kaeni ndani.

Makanisa ni kimbilio zuri, ndani mna ubaridi. Weka kanga kwenye begi, maana mabega na magoti lazima yafunikwe. Tarehe 5 Agosti, katika basilika ya Maria Mkuu, maua meupe yanamwagwa kutoka darini kukumbuka simulizi ya kale kwamba theluji ilianguka pale katikati ya kiangazi. Mtoto ataona "theluji" bila kutetemeka. Lakini tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa, na siku za kuizunguka maduka mengi madogo yanafungwa. Pampasi, chakula cha mtoto na dawa zenu nunueni mapema.

(6)
Dalili. Hapa naomba usome taratibu.

Vipeperushi vingi vya huku vinasema mtoto aliyezidiwa na joto "ngozi inakuwa nyekundu". Kwa ngozi zetu wekundu huo hauonekani vizuri. Usiusubiri. Angalia haya: pampasi inakaa kavu saa nyingi, au mkojo ni mweusi na mchache. Mdomo umekauka. Analia bila machozi. Utosi umebonyea. Hataki kunyonya. Amelegea, hakutazami kama kawaida yake. Weka mkono kifuani na mgongoni, usiupime kwa vidole vyake.

Ukiona mwanzo wa hayo, ingia kivulini, mvue, mpanguse kwa kitambaa cha maji ya kawaida, mpepee, mnyonyeshe, na kama umri wake unaruhusu mpe ORS kidogo kidogo. Nimeona mama anakimbilia Panadol. Panadol ni ya homa inayotoka ndani. Joto lililoingia kutoka nje haliondoi. Mwili ukiwa moto sana na mtoto amechanganyikiwa, anatapika mfululizo, ana degedege au haamki vizuri, piga 112 papo hapo, huku unaendelea kumpoza.

(7)
Haya, sasa baridi.

Tangu tunazaliwa tunaambiwa baridi inaleta nimonia. Mtoto wa Dar anavishwa kofia ya sufu, soksi na sweta mwezi wa pili, jasho linamtiririka, na bibi bado anasema "mfunike, upepo huo". Kwa heshima ya bibi zetu wote walionilea nikiwemo, nimonia haiji na upepo. Inaletwa na vijidudu. Ndiyo hadithi ya Keats ile ile: ugonjwa wa kifua una mdudu wake, na hali ya hewa si mchawi wala mganga.

"Mbona basi wakati wa baridi watoto wengi huku wanabanwa vifua?" Swali zuri. Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu watu wanajifungia ndani, madirisha yamefungwa, wanakoholeana. Virusi vya mafua na vile vinavyobana vifua vya vichanga vinapata sherehe. Kwa hiyo hatari ya Januari ipo zaidi ndani ya basi lililojaa na sebuleni kwa wageni kuliko nje bustanini. Osha mikono. Asiyejisikia vizuri asimbusu mtoto, hata akiwa shangazi mkubwa. Hakikisha chanjo zake zote zimekamilika kabla ya safari, hasa surua na zile za kifua. Na nje mtoke! Hewa ya nje ni rafiki wa mtoto aliyevaa vizuri.

Kuvaa vizuri ni tabaka, siyo blanketi moja zito. Fulana ya pamba ndani, nguo ya joto, kisha koti. Kanuni yangu kliniki ni rahisi: mtoto avae unavyovaa wewe, ongeza tabaka moja. Mkiingia ndani, koti na kofia vitoke, hata kama amelala, maana nyumba za huku zinapashwa moto. Kwenye kiti cha gari asifungwe mkanda akiwa na koti nene, kwa sababu mkanda unakuwa umeshika koti, haujamshika mtoto. Mfunge kwanza, kisha mfunike kwa juu.

Baridi unaweza kuivua na kuivaa. Kwenye joto, mtoto akishabaki na pampasi tu, huna tena cha kumvua. Ndiyo hoja yangu kwa kifupi.

(8)
Na Roma ya baridi ina mambo yake kwa watoto, wala si mabaki ya kiangazi.

Desemba mpaka tarehe 6 Januari mji una mapango ya Noeli kila kanisa. Usiku wa kuamkia tarehe 6 anakuja Befana, bibi kizee anayeruka na ufagio. Kwetu tungekemea na kuita maombi. Huku anawaletea watoto pipi, na uwanja wa Navona unakuwa na soko lake.

Jioni, kuanzia vuli mpaka baridi, ndege aina ya kwezi wanakuja kwa makundi makubwa sana, wanazunguka juu ya kituo cha treni cha Termini na kando ya mto Tiber kama moshi unaocheza. Hakuna kiingilio. Chukua mwavuli tu, si kwa ajili ya mvua.

Mvua ikinyesha, nenda Pantheon. Jengo hilo lina karibu miaka 1,900, na katikati ya paa lake kuna tundu la mita 9 hivi lililo wazi. Mvua inaingia ndani, na sakafu ina vitundu vya kuyatoa maji. Mwonyeshe mtoto vile vitundu. Mafundi wa zamani walijua mvua itaingia, wakaitengenezea njia ya kutokea.

Saa sita kamili kila siku mzinga unapigwa kilima cha Gianicolo. Umekuwa ukipigwa hapo tangu 1904. Januari unaweza kumsimamisha mtoto pale juani saa sita, mkafurahia. Julai jua la saa hiyo hamliwezi.

Foleni nazo Januari na Februari ni fupi, na vyumba kwa kawaida ni nafuu baada ya sikukuu. Walio chini ya miaka 18 hawalipi Colosseum wala makumbusho ya serikali majira yote, na Jumapili ya kwanza ya mwezi hata wakubwa huingia bure. Ila Jumapili hiyo ikiangukia majira ya watu wengi, foleni yake utailipa kwa miguu.

Sitawaficha ubaya wa baridi. Siku ni fupi. Novemba na Desemba mvua ni nyingi, na vile vijiwe vikilowa vinateleza. Mwenda pole hajikwai. Nguo za baridi zinagharimu, ingawa unaweza kuazima kwa ndugu waliotangulia huku.

(9)
Jambo la homa, na hili ndilo lililonifanya niandike leo.

Familia nyingi zinazoishi Ulaya huenda nyumbani Desemba, zinarudi Januari. Wengine wanatoka Mwanza, Kisumu au Bujumbura moja kwa moja kuja hija. Malaria haitoki siku mbu anapouma. Kwa kawaida inachukua siku saba au zaidi, mara nyingi ndani ya mwezi mmoja, na wakati mwingine baadaye zaidi. Maana yake mbu anauma nyumbani, homa inatokea Roma.

Sasa fikiria. Januari huku kila mtoto ana mafua. Mtoto wako akipata homa, kila mtu pamoja na wewe atasema mafua. Agosti kila mtoto ana joto. Watasema ni jua. Daktari wa huku ni hodari, lakini anaweza kupita miezi mingi bila kumwona mgonjwa wa malaria, na usipomwambia umetoka wapi huenda wazo hilo lisimjie. Malaria kwa mtoto mdogo haisubiri wiki ijayo. Na watoto waliozaliwa Ulaya hawana kinga ya malaria hata kidogo. Kuwa damu yetu hakuwasaidii.

Kwa hiyo homa yoyote baada ya kutoka kwetu, majira yoyote, sentensi yako ya kwanza mapokezi iwe hii: "Veniamo dalla Tanzania, zona di malaria." Tunatoka Tanzania, eneo la malaria. Weka jina la nchi yako. Omba apimwe damu siku hiyo hiyo. Usione haya, usiogope kuonekana umetoka "porini". Nimeona akina mama wananyamaza kwa aibu hiyo, na aibu haijawahi kumtibu mtoto.

Roma kuna hospitali kubwa ya watoto, Bambino Gesù, ipo tangu 1869. Kwa mambo madogo, tafuta msalaba wa kijani wa taa: hilo ni duka la dawa, na mfamasia wake anakusikiliza. Bima ya viza ya Schengen inatakiwa iwe ya angalau yuro 30,000. Usiichukulie kama karatasi ya ubalozi tu. Isome, na namba yake ya simu iandike mahali ambapo hata baba ataipata.

(10)
Basi twende lini? Ukiniuliza mimi nesi wenu, chaguo la kwanza ni mwisho wa Septemba na Oktoba. Waroma wana jina la pekee la siku zile za Oktoba zenye jua laini, wanaziita ottobrata. Mchana unatosha sweta jepesi, jioni koti. Mvua zinaanza, lakini zinapita.

La pili ni Aprili na Mei. Maua yanapangwa Ngazi za Kihispania, na tarehe 21 Aprili mji unasherehekea kuzaliwa kwake, ambako simulizi inasema ni mwaka 753 kabla ya Kristo. Siku ya Pentekoste maua mekundu yanamwagwa kutoka lile tundu la Pantheon. Tahadhari ni Juma Kuu na Pasaka: kama hukuja kwa ajili ya ibada yenyewe, usiingie na kigari kwenye ule umati.

La tatu ni baridi, hasa kwa ninyi ambao shule zenu nyumbani hufungwa Desemba. Likizo mnayo tayari. Mnaipuuza kwa woga, mnakuja kupigana na Juni na Julai. Wiki za mwanzo za Desemba, kabla nauli za Noeli hazijapanda, ni nzuri sana kwa watoto wa shule.

La mwisho kabisa, na kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja nasema usije kama una uchaguzi, ni Julai na Agosti.

Najua mtu atasema, "Nesi, Waitaliano wenyewe si wanaishi humo na watoto wao?" Wanaishi, ndiyo. Lakini waangalie Agosti wako wapi: wanaoweza wamekwenda baharini na milimani, na wasioweza wamefunga madirisha ya mbao mpaka jioni. Unaowaona saa nane mchana katikati ya magofu, wengi ni wageni.

Safari ya familia tunaipanga kwa likizo ya baba, kwa bei ya tiketi, kwa picha nzuri. Mimi naomba tuipange kwa mwili wa yule mdogo kuliko wote, kisha wa bibi. Sisi wengine tutajipanga katikati yao. Colosseum imesimama karibu miaka 2,000. Itawasubiri mpaka Oktoba.

Nimemaliza. Mwenye mwenzake anayekata tiketi ya Julai, mtumie hii kabla hajalipa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza kuhusu mtoto ndani ya ndege: masikio, kunyonyesha angani, na yule abiria anayekuna uso kila mtoto akilia. Usiku mwema, na msisahau kunywa maji, mnaonyonyesha.